Hakuna kitu kinachoitwa gharama zisizotarajiwa

Kuna maneno mawili nimeyachoka: gharama zisizotarajiwa. Kila kijana mwenzangu wa hapa Dar aliyenunua nyumba kuukuu ili aikarabati na kuipangisha ananiambia maneno hayo hayo, tena kwa sauti ya mfiwa. Eti "mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, tatizo zikaja gharama zisizotarajiwa." Nikimuuliza ni zipi hizo, ananitajia karo la choo lililojaa. Ananitajia paa lililovuja wakati wa masika, nyaya za umeme zilizoungua, fundi aliyeomba nyongeza na saruji iliyopanda bei.

Hebu tuulizane, jamani. Karo la nyumba iliyojengwa miaka ya 1980 na kukaliwa na familia tatu likijaa, hilo nalo halikutarajiwa? Masika, ambayo pwani yetu inaipata kati ya Machi na Mei tangu babu wa babu yako hajazaliwa, nayo ilikuja kwa kushtukiza? Nauliza tu.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyeupenda aishie hapa. Gharama hizo zinatarajiwa, karibu zote. Anayesema hakuzitarajia alizikataa, kwa sababu angeziandika kwenye karatasi, karatasi ingemwambia asinunue. Na ubaya wake ni kwamba bili ya kukataa huko hailipi peke yake. Anailipa fundi, wanailipa watu wa nyumbani kwake, na zaidi ya wote anailipa mpangaji. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Tuanze na wanaowadanganya. Siku hizi ni nadra wikiendi ipite bila semina ya uwekezaji katika majengo. Kuna kiingilio, kuna chai na vitafunwa, kuna bwana mwenye suti na picha mbili ukutani: nyumba kabla ya ukarabati na nyumba baada ya ukarabati. Kabla ina kutu, baada ina marumaru. Ukumbi mzima unapiga makofi. Nimeripoti semina za aina hiyo na kila mara nimesubiri picha ya tatu, ya ndani ya karo. Haijawahi kuonyeshwa.

Kisha bwana huyo anatoa kanuni aliyoitoa Marekani: usilipe zaidi ya asilimia 70 ya bei ambayo nyumba itauzwa ikishakarabatiwa, ukitoa gharama za ukarabati. Kanuni nzuri. Tatizo ni kwamba namba inayobeba mzigo wote ni hiyo ya mwisho, gharama za ukarabati, na hiyo kila mtu anaikisia akiwa amesimama sebuleni na dalali anayetazama saa.

Na hao Wamarekani wenyewe, mnadhani wanaiweza? Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, ameeleza katika kitabu chake cha 2011 juu ya uchunguzi wa Wamarekani waliokarabati majiko ya nyumba zao. Kwa wastani walitarajia kutumia dola 18,658. Walitumia dola 38,769. Zaidi ya mara mbili, na ni jiko tu! Katika nchi yenye maduka ya vifaa vya ujenzi ambayo bei zake zimebandikwa, wakaguzi wa nyumba wenye leseni na michoro iliyohifadhiwa ofisini. Yeye na mwenzake Amos Tversky waliipa tabia hiyo jina tangu mwaka 1979: tunapopanga, tunapanga kana kwamba kila kitu kitakwenda sawa, hata kama tunajua fika kwamba miradi kama wetu haijawahi kwenda sawa.

Ukisema hao ni watu binafsi tu, nitakutajia kampuni. Mwaka 2021 kampuni ya Zillow ya Marekani, yenye kompyuta na wataalamu wa takwimu wa kila aina, ilikuwa inanunua nyumba, inazirekebisha na kuziuza. Oktoba ikasimamisha ununuzi kwa sababu nyumba ilizokuwa nazo zilikuwa nyingi kuliko mafundi iliowapata. Novemba ikatangaza kuifunga biashara hiyo yote, ikapunguza thamani ya nyumba zake kwenye vitabu kwa zaidi ya dola milioni 300 na kusema itaachisha kazi kama robo ya wafanyakazi wake. Sababu kubwa waliyoitoa ni kushindwa kutabiri bei. Sasa wewe mwenye kikokotoo cha simu na shemeji anayejuana na fundi, unapata wapi uhakika ambao Zillow waliukosa?

Turudi nyumbani tupige hesabu. Namba hizi nazitunga ili mfano uwe rahisi, kila mmoja abadilishe kwa za kwake. Nyumba ya vyumba vitatu Tabata, milioni 90. Ukarabati umepangiwa milioni 20: rangi, marumaru, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, geti. Jumla milioni 110, ambapo 60 ni akiba na 50 ni mkopo wa riba ya asilimia 16. Kodi itakuwa laki sita kwa mwezi, sawa na milioni 7.2 kwa mwaka.

Simama hapo kwanza. Riba ya mwaka wa kwanza ni kama milioni 8. Kodi yote ya mwaka ni milioni 7.2. Yaani fundi hajapiga hata msumari mmoja na tayari mpangaji hatoshi kulipa riba. Lakini mwekezaji wetu anasema ardhi inapanda thamani, basi tuendelee.

Kwanza kuna gharama za kununua ambazo hazikuandikwa popote. Ushuru wa stempu asilimia 1, wakili, mthamini, usajili wa hati, dalali. Tuseme milioni 3. Kisha jumba linafunguliwa. Karo jipya, milioni 3.5. Mbao za kenchi zimeliwa na mchwa na mabati yamechoka, milioni 5. Nyaya ni za enzi ambazo nyumba ilikuwa na taa nne na redio, sasa zinatakiwa kubeba viyoyozi viwili, jiko la umeme na pampu ya maji, milioni 3. Mabomba ya chuma yameliwa na maji ya chumvi ya kisima, milioni 2.5. Hapo ni milioni 14 mbele ya bajeti. Kazi inachelewa miezi mitatu, kwa hiyo kodi ya milioni 1.8 haikuingia na riba ya milioni 2 haikusubiri. Jumlisha: milioni 20 imekuwa milioni 40.8.

Sasa mapato. Milioni 7.2 kwa mwaka juu ya milioni 130.8 ni asilimia 5.5, na hapo sijaweka mwezi hata mmoja wa nyumba kukaa bila mpangaji. Mwaka 2022 riba ya hati fungani ya serikali ya miaka 20 iliposhushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10 watu walilalamika sana mjini. Ajabu ni kwamba baadhi ya walioikimbia hiyo 12.10 walikimbilia 5.5. Na hati fungani haina karo.

Wala msinielewe vibaya, sisemi watu wasinunue nyumba. Nasema milioni 20.8 zile zilizozidi hazikudondoka kutoka angani. Mkadiriaji majenzi angeziona asubuhi moja kabla ya chakula cha mchana. Angepanda darini na tochi, angechoma mbao na bisibisi, angefunua mfuniko wa karo, angefungua boksi la umeme, angefungulia mabomba yote kwa wakati mmoja. Tunamlipa dalali bila kunung'unika kwa kutuonyesha mlango wa mbele, halafu tunaona mtaalamu wa kutuonyesha dari ni anasa!

Basi fedha zikiisha katikati, nini kinatokea? Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kwanza anageuziwa kibao fundi. Alipewa kazi kwa mdomo, bila orodha ya vifaa, bila mchoro. Aliulizwa "itanigharimu shilingi ngapi?" naye akataja namba ndogo maana anajua akitaja ya kweli kazi itakwenda kwa mwingine. Gharama zikizidi anaitwa mwizi. Wapo mafundi wezi, simtetei mwizi. Lakini fundi aliyekuja na vibarua wawili, akafanya kazi wiki tatu na kuambiwa "njoo mwisho wa mwezi", huyo ameshamkopesha mwenye nyumba bila riba. Nimekaa na mafundi wa aina hiyo vijiweni. Wanadai watu wenye magari.

Pili analipishwa mpangaji, na hapa nazungumza kama mtu aliyepanga. Nimewahi kuishi Sinza katika nyumba iliyotangazwa kuwa "imekarabatiwa upya". Na kweli ilipendeza. Dari la jipsamu lenye taa za rangi tatu, marumaru unayoweza kujitazama. Nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga dari lilivimba kama andazi, wiki ya pili likaangukia kitanda. Mwenye nyumba alifika, akatazama, akatamka maneno yale mawili. Halafu akaniambia fedha za kurekebisha hana, kwa sababu kodi yangu ya miezi sita ndiyo aliyomalizia marumaru.

Naomba muielewe sentensi hiyo ya mwisho maana ndiyo mfumo wenyewe. Akiba yake ya dharura nilikuwa mimi. Bajeti iliyokosa fungu la tahadhari ilikuwa nalo siku zote, isipokuwa lilikuwa kwenye mfuko wa mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Na hata kodi ya majengo, ambayo ni deni la mwenye nyumba, tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye Luku. Anayenunua umeme ni nani? Ni mpangaji. Wenye nyumba wangapi wanamrudishia? Jibu mnalo.

Tatu, kuna bili ambayo hailipwi kwa shilingi. Mtu anataka sebule kubwa "ya kisasa", anamwambia fundi avunje ukuta wa katikati. Mhandisi haitwi kwa kuwa hakuwekwa kwenye bajeti, kibali cha halmashauri hakiombwi kwa kuwa kitachelewesha. Ukuta ule huenda ndio ulioshika lenta na paa zima. Jiji hili linajua majengo yanaanguka. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lingine likaanguka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Najua nyumba yako ya Tabata haina ghorofa. Lakini tofali linaloangukia kitanda cha mtoto halihesabu ghorofa.

Na kuna yale mapaa ya zamani ya asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Kibarua anapewa nyundo na elfu kumi ayavunje, bila hata kitambaa puani. Huo ndio ubanaji wa matumizi tunaojisifia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye nyumba wa siku hizi wamepata njia ya tatu: wanaupaka ufa rangi, wanaongeza kodi.

Najua majibu yanayokuja, nimeshayasikia vya kutosha.

La kwanza: "bei zinapanda, nani angejua?" Mwishoni mwa mwaka 2020 saruji ilipanda hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akawaagiza wakuu wa mikoa kuchunguza. Kweli, hakuna aliyejua kwamba ingekuwa Novemba wala ingepanda kiasi gani. Lakini kwamba kitu fulani kitapanda kabla hujamaliza, hilo kila mama anayepanga bajeti ya sokoni analijua. Ndiyo maana fungu la tahadhari lina jina la "tahadhari". Huhitaji kujua ni mabati au ni nondo.

La pili: "huwezi kuona ndani ya ukuta." Sawa kabisa. Sasa kwa nini usichokiona unakipangia sifuri? Mtu akikuuzia gunia lililofungwa hulipi kana kwamba umeshahesabu kila punje. Usichokiona ndicho unachotakiwa kukiwekea fedha nyingi zaidi.

La tatu ndilo linalopigiwa makofi kule semina: "ukiogopa sana hutajenga kamwe." Hili linaniudhi kuliko yote kwa sababu linamgeuza mwenye hesabu kuwa mwoga. Kuna wazee walijenga nyumba zao kwa miaka kumi, chumba kwa chumba, tofali kwa tofali, bila deni. Hawakuwa waoga. Walijua mshahara wao unafika wapi, wakasimama pale unapofika. Anayekopa milioni 50 bila kutazama darini ni mcheza kamari, na anacheza kwa fedha za wengine.

Basi nataka nini? Nataka mambo machache na wala si magumu.

Anza na kile kisichoonekana kwenye picha. Paa, nyufa na msingi, umeme, maji safi, maji taka. Vikikamilika hivyo ndipo uzungumzie marumaru. Fedha zikiisha, heri ziishie kwenye rangi kuliko kwenye karo. Mpangaji anaweza kuishi na ukuta uliofifia, hawezi kuishi na choo kinachorudisha.

Weka fungu la tahadhari ndani ya bei ya nyumba, kabla ya kukubaliana na muuzaji. Wakadiriaji wengi huweka kama asilimia 10 kwa jengo jipya. Kwa nyumba kuukuu, ya karibu na bahari, isiyo na mchoro, mimi nasema anza na 20, na kama hakuna aliyepanda darini nenda 30. Ukiona kwa asilimia hizo nyumba hailipi, basi nyumba hailipi. Teremsha bei au ondoka. Ukinunua sehemu ya ghorofa kwa ile sheria ya mwaka 2008, uliza pia ada ya huduma ya kila mwezi, umri wa lifti na nani atalipa jenereta likifa.

Hesabu muda kama fedha. Andika miezi ya kuchelewa, zidisha kwa kodi na riba. Na usifumue paa mwezi wa tatu halafu ukamlaumu Mungu.

Andikiana na fundi. Orodha ya kazi, vifaa, hatua za malipo, na kiasi kidogo mtakachokubaliana tangu mwanzo kibaki mpaka masika ya kwanza ipite. Akimaliza hatua, mlipe siku hiyo hiyo. Tunza stakabadhi zote. Siku ya kuuza, kodi inatozwa juu ya faida, na ukarabati usio na ushahidi mbele ya TRA ni hadithi.

La mwisho, na hili ni la kisheria zaidi. Anayepokea kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo angetakiwa atenge sehemu yake kwa matengenezo na mpangaji awe na haki ya kuiona. Fedha ya mpangaji isigeuzwe mtaji wa kumalizia marumaru. Wabunge wetu wanajua kupanga. Wengi wao Dodoma ni wapangaji. Waanzie hapo.

Na wewe unayetafuta chumba wiki hii, ukiingia nyumba "iliyokarabatiwa upya" usitazame taa. Vuta maji chooni mara tatu mfululizo. Nusa. Tazama pembe za dari kama zina rangi ya chai. Muulize mwenye nyumba karo lilinyonywa lini. Akikuambia "hilo halina shida", jua kwamba shida hiyo ameshaipangia bajeti, na bajeti yenyewe ni wewe.

Naomba kutoa hoja.